Malhamu ya Nta na Mwarobaini kwa Mifugo: Namna ya Kuipika Nyumbani

Kila msimu wa kurina asali ukipita, maswali yanakuja yale yale. Nta nitie kiasi gani? Majani mabichi yanafaa? Mbona yangu imeota ukungu kabla mwezi haujaisha? Paka naye nimpake? Nimeona niyajibu mahali pamoja, nisiwe narudia.

Sisi ni familia ya wakulima mkoani Singida. Tuna alizeti shambani, mizinga porini, ng'ombe wachache wa maziwa, maksai wa jembe, mbuzi, punda wa kuteka maji, mbwa na kuku. Kwa hiyo malhamu hii inatokana na vitu tulivyonavyo: nta, mafuta ya alizeti na majani ya mwarobaini. Ukiwa Tanga au Kilifi utatumia mafuta ya nazi, na mambo yataenda vilevile. Mwarobaini uko karibu kila mtaa.

Kabla hujawasha jiko, elewa kitu unachopika. Haya ni mafuta yaliyokazwa kwa nta. Yanafunika ngozi isikauke na kupasuka, yanakinga mchubuko dhidi ya vumbi, na mwarobaini unapunguza inzi na wadudu wadogo. Inafaa kwa chuchu zilizopasuka (ila hizo ni za kopo lisilo na mwarobaini, nitalieleza mbele), shingo ya maksai iliyochubuliwa na nira, mgongo wa punda, ncha za masikio ya mbwa zinazoliwa na inzi, na magamba ya miguu ya kuku. Haitibu ugonjwa wa kiwele. Haitibu upele ulioenea mwili mzima wa mbuzi. Huyo anahitaji sindano au dawa ya kuogesha kutoka kwa mtaalamu wa mifugo. Na ng'ombe aliyetoka vinundu mwili mzima huku ana homa si wa kupakwa chochote. Huenda ni ugonjwa wa mapele ngozi, na huo unatolewa taarifa kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Vitu vya kuandaa

Kiasi hiki kinatoa takribani gramu 500, yaani makopo 5 ya gramu 100.

- Mafuta ya alizeti, lita 1. Yatabaki kidogo, na hayo yaliyobaki utayahitaji.
- Majani makavu ya mwarobaini, gramu 100.
- Nta safi ya nyuki, gramu 100, na kipande cha akiba.
- Sufuria mbili, moja inayoingia ndani ya nyingine. Ile ndogo itakuwa ya nta maisha yake yote, kwa hiyo chagua ambayo mwenye jiko ameshaiaga. Aluminiamu inafaa. Chuma chenye kutu, shaba na bati vinaitia nta weusi.
- Mwiko mkavu wa mti.
- Kitambaa safi cha pamba cha kuchujia. Kanga kuukuu iliyofuliwa na kukauka kabisa inatosha.
- Mizani. Kama huna ya jikoni, peleka nta yako dukani mangi akupimie.
- Makopo yenye vifuniko, yaliyooshwa kwa maji ya moto na kuanikwa hadi yakauke.
- Kisahani cha bati au kijiko cha chuma kwa ajili ya kujaribia.
- Mfuniko unaoenea vizuri kwenye ile sufuria ndogo. Usianze bila huo. Sababu iko kwenye hatua ya 5.

Mafuta ya alizeti ya mashine za mtaani, yale yanayouzwa kwenye chupa kando ya barabara, ni mazuri ila huja na mashapo na pengine maji kidogo. Yaache yatulie siku mbili tatu, kisha mimina ya juu taratibu na uache ya chini. Yaliyosafishwa kiwandani nayo yanafaa. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au samaki hayafai: yameshaungua, yataharibika upesi, na mbwa watalamba mnyama wako usiku kucha.

Watu huniuliza kuhusu samli. Iache. Masalia ya maziwa yaliyomo huvuta sisimizi na huvunda. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanashika vizuri, kwa hiyo unaweza kuyaweka badala ya sehemu moja kati ya tano ya alizeti, lakini nunua yaliyokwisha kukamuliwa. Usitwange mbegu mwenyewe, maana mbegu na makapi yake ni sumu, na makapi hayo yakitupwa uani kuku na mbuzi watayafikia.

Hatua kwa hatua

1. Kausha majani. Hapa ndipo malhamu nyingi hufa kabla hazijazaliwa. Chuma majani ya mwarobaini yaliyokomaa, yenye kijani kizito, asubuhi umande ukishakauka. Yasiwe na vumbi la barabarani. Ukilazimika kuyaosha, yakung'ute maji yote. Yatandaze kwenye chekeche au mkeka kivulini penye hewa, tabaka jembamba, uyageuze kila siku. Usiyaanike juani, yatapauka na kupoteza nguvu. Yako tayari pale jani linapovunjika kwa mlio ukilikunja, na ule mshipa wa kati unakatika badala ya kupinda. Huo mshipa ndio wa kuuamini: jani linaweza kuonekana kavu huku mshipa umeshika maji, na maji hayo ndiyo yatakayoota ukungu kwenye kopo. Wakati wa kiangazi hapa kwetu siku chache zinatosha. Masika, au ukiwa pwani, subiri zaidi, na siku ya kupika yaweke kwanza kwenye sufuria tupu yenye joto dogo sana kwa dakika chache ili kumalizia.

2. Safisha nta, kama umeirina mwenyewe. (Kama umenunua nta safi, ruka.) Masega yakishakamuliwa asali, yaoshe kwa maji ya vuguvugu, yatie kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, hata foronya, ufunge mdomo. Zamisha mfuko kwenye sufuria ya maji, weka jiwe safi juu yake, kisha upashe moto bila kuchemsha kwa nguvu. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65, inapenya kitambaa na kuelea juu. Takataka zinabaki ndani. Minya mfuko kwa mwiko, epua, uache vipoe usiku mzima. Asubuhi utakuta kibapa cha manjano juu ya maji. Kitoe, kwangua uchafu wa upande wa chini, na rudia kama bado ni cheusi. Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji ya visima vyetu vya huku yana chumvichumvi, na nta iliyopikwa humo hugeuka ujiuji wa kijivu usioshikamana vizuri. Kibapa kikaushe siku kadhaa kabla ya kukitumia, na yale maji usiyamwage kwenye sinki; nta itaziba bomba.

 Ukinunua, jihadhari na nta iliyochanganywa na mshumaa. Nta halisi inanukia asali, ukiiminyaminya mkononi inalainika, na ikivunjwa ikiwa baridi, pale palipovunjika pana chengachenga zisizong'aa. Ile inayoteleza vidoleni na haina harufu yoyote, rudisha.

3. Loweka mwarobaini kwenye mafuta. Vunjavunja majani makavu kwa mikono, usiyasage yakawa unga, maana unga hauchujiki. Yatie kwenye sufuria ndogo, mimina lita 1 ya mafuta, hakikisha majani yote yamezama. Weka sufuria hiyo ndani ya kubwa yenye maji yanayofika nusu ya kimo chake. Moto uwe mdogo: maji ya nje yatoe mvuke na vipovu vichache, yasichemke kwa fujo. Acha saa 2 hadi 3, ukikoroga mara kwa mara na kuongeza maji ya nje yanapopungua. Usifunike sufuria ya mafuta wakati huu, kwani mvuke ungegeuka matone na kurudi ndani. Mafuta yatakuwa ya kijani na harufu itakuwa kali. Wa mjini wenye majirani ukuta kwa ukuta, fungueni madirisha.

 Usiweke sufuria ya mafuta moja kwa moja juu ya mkaa. Majani yanakaangika kabla hujakoroga mara ya pili, na mafuta yaliyoungua yanaiwasha ngozi iliyojeruhika.

4. Chuja. Mafuta yakiwa bado na uvuguvugu, yapitishe kwenye kitambaa. Minya kwa wastani. Usikamue makapi hadi tone la mwisho, maana mwishoni ndipo maji na vumbi la majani hutoka. Acha mafuta yatulie saa kadhaa, au usiku mmoja ikiwezekana, kisha mimina ya juu. Ukiona chini kuna matone yanayotembea peke yake bila kuchanganyika na mafuta, hayo ni maji. Yaache hapo hapo chini.

5. Yeyusha nta. Katakata gramu 100 za nta vipande vidogo, au ikwangue kwa parura. Ioshe ile sufuria ndogo, ikaushe kabisa, weka nta ndani yake, uirudishe kwenye maji ya moto. Usiondoke. Nta na mafuta vikizidiwa joto vinashika moto, na moto wa mafuta haumwagiwi maji hata kidogo; ukimwagiwa maji unaruka juu na kukuunguza uso. Ukiwaka, funika kwa ule mfuniko, zima jiko, na uache hivyo hivyo hadi upoe. Watoto na paka wakae mbali na jiko.

6. Changanya. Pima gramu 400 za mafuta ya mwarobaini. Yapashe kidogo kwanza, kisha yamimine taratibu kwenye nta huku ukikoroga. Ukimimina mafuta ya baridi, nta itaganda papo hapo ikawa mabonge. Usiogope, acha juu ya maji ya moto hadi iyeyuke tena. Koroga hadi uone kimiminika kimoja kinachong'aa, bila mawingu.

7. Jaribu ugumu kabla ya kumimina. Dondosha tone kwenye kisahani baridi, subiri dakika 2 au 3, kisha lisugue kwa kidole. Linatakiwa lishike umbo lakini lilainike mara likiguswa. Likiwa gumu kama mshumaa, ongeza kijiko kimoja cha yale mafuta yaliyobaki. Likitiririka, ongeza kipande kidogo cha nta. Jaribu tena. Usione uvivu wa kurudia, maana ikishaingia kwenye makopo kurekebisha ni kuanza upya. Sehemu 1 ya nta kwa 4 za mafuta ni kipimo cha joto la kawaida la huku na cha pwani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Singida inapouma, au ukiishi Njombe au Limuru, tumia 1 kwa 5.

8. Mimina kwenye makopo makavu ikiwa bado ya moto ila si ya kuunguza. Yaache wazi, yamefunikwa kitambaa chembamba tu, hadi yapoe kabisa. Ndipo ufunike. Ukifunika ingali na joto, jasho litajikusanya chini ya kifuniko, na safari ya ukungu inaanzia hapo.

9. Andika kila kopo: imetengenezwa lini, ina nini, na ni ya mnyama gani. Hili la mwisho watu hulipuuza, lakini utaona umuhimu wake sasa hivi.

Kopo la pili, la ng'ombe wa maziwa na paka

Nashauri kila anayepika atoe makopo ya aina mbili. La kwanza ni hilo la mwarobaini. La pili ni tupu: nta sehemu 1, mafuta safi sehemu 5, hakuna jani lolote. Pika kwa hatua ya 5 hadi ya 9 tu.

Kopo tupu ndilo la kiwele. Harufu ya mwarobaini inaingia kwenye maziwa, na wateja wa maziwa hawana huruma. Watakuacha bila kukuambia kwa nini. Tena ndama ananyonya chuchu hizo hizo. Ukubwa wa kipimo cha mafuta una sababu yake: chuchu iliyopasuka inauma, na malhamu ngumu inakulazimisha kusugua, nawe unajua mateke ya ng'ombe yanavyotua. Paka malhamu baada ya kukamua, si kabla. Kama unachovya chuchu kwenye dawa ya iodini baada ya kukamua, chovya kwanza, iache ikauke, kisha upake mahali palipopasuka tu, usizibe tundu la chuchu. Kabla ya kukamua tena, osha kwa maji ya vuguvugu na ufute kwa kitambaa, kila ng'ombe na chake.

Paka pia ni wa kopo tupu. Anajilamba mwili mzima, kwa hiyo unachompaka ndicho anachokula, na mwili wake haustahimili mwarobaini wala yale mafuta makali ya kunukia ya mkaratusi na karafuu. Mnyama mwenye mimba nasi tunamwekea kopo hili, kwa tahadhari.

Kumpaka mnyama

Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe. Osha mahali penyewe, toa uchafu na magamba yaliyolegea, kisha kausha kwa kitambaa safi. Malhamu ikipakwa juu ya maji au usaha inaufungia uchafu ndani. Chota kwa kijiti safi, weka kwenye kiganja, ndipo upake. Vidole vilivyotoka kwenye kidonda visirudi kwenye kopo. Kopo moja lililochafuka linaweza kupeleka vijidudu vya ng'ombe mmoja kwa zizi zima.

Mara ya kwanza kwa mnyama yeyote, paka eneo dogo kama sarafu kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, usubiri hadi kesho yake. Pakiwa pekundu, pamevimba au anajikuna, kopo hilo si lake.

Punda na maksai: malhamu haisaidii kitu kama tandiko au nira iliyochubua bado inarudi pale pale kila asubuhi. Mpumzishe, tengeneza mto wa tandiko, lainisha nira. Ukimpaka punda kisha ukamtwisha madumu juu yake, mafuta yanashika vumbi na mchanga, na hapo unamsugua kwa msasa. Jeraha la kuchomwa, la msumari au mwiba mrefu, usilizibe kwa malhamu. Punda ni mwepesi wa kupata pepopunda. Mwite mtaalamu.

Kuku wenye magamba yaliyoinuka miguuni: huyo ni mdudu mdogo anayeishi chini ya magamba, na kwa kweli hapa ndipo malhamu inapofanya kazi nzuri kuliko mahali pengine, kwa sababu inamziba pumzi. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, using'oe magamba kwa nguvu, kausha, paka kwa wingi hadi juu ya kifundo. Rudia mara mbili tatu kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mafuta yasifike kwenye manyoya. Paka kuku wote wa banda, hata wanaoonekana wazima, na safisha vitulio vyao. Achana na desturi ya kuchovya miguu ya kuku kwenye mafuta ya taa; yanaunguza ngozi.

Mbwa: kidogo sana, masikioni, jioni. Na tukiwa kwa mbwa, oili chafu ya gari. Naiona kila mahali, mbwa wa watu wamepakwa weusi hadi machoni eti inaondoa upele. Ile ni sumu. Inapita kwenye ngozi, na mbwa anailamba. Mbwa aliyenyonyoka mwili mzima mara nyingi ana wadudu ndani ya ngozi, na dawa ya mtaalamu haina gharama kama ya mbwa mwingine.

Vaa glovu unapomshika mnyama mwenye choa, yaani yale mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, au mbuzi na kondoo wenye vidonda vya magamba mdomoni. Magonjwa hayo yote yanamhamia binadamu.

Kidonda chenye funza usipake mpaka wametolewa wote. Malhamu haiwaui, inawaficha tu.

Makosa yanayojirudia

Kuongeza shubiri mbichi. Kila mtu anataka shubiri, naelewa. Lakini ute wa shubiri karibu wote ni maji, na maji hayakai na mafuta na nta. Yatajitenga, na ndani ya siku chache kopo litaoza. Ukitaka shubiri, kata jani siku hiyo hiyo, acha utomvu wa njano udondoke wote kwa sababu unaharisha ukilambwa, paka ute mweupe kwenye mchubuko, uache ukauke. Halafu weka malhamu juu yake. Asali ni hivyo hivyo: ni dawa nzuri ya kidonda ikiwa peke yake chini ya bandeji, lakini ndani ya malhamu inazama chini ya kopo.

Kuongeza kila dawa iliyopo nyumbani. Nimeona watu wanatia salfa, jivu, tumbaku, unga wa betri ya redio. Malhamu yenye vitu vitatu ukiona imemdhuru mnyama, unajua pa kuanzia kutafuta. Yenye vitu kumi, hujui.

Kuamini kwamba vitamini E inazuia ukungu. Matone machache ya vidonge vya duka la dawa yanachelewesha mafuta kuharibika harufu, basi. Ukungu unazuiwa na ukavu.

Kuuza kwa jina la dawa. Ukimpa jirani kopo, hilo ni jambo la ujirani. Lakini ukibandika lebo inayosema inatibu ugonjwa fulani na kuipeleka sokoni, hapo unauza dawa ya mifugo, na dawa za mifugo husajiliwa: Tanzania ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya ni Kurugenzi ya Dawa za Mifugo. Anayetaka kuifanya biashara aanzie ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) ya mkoa wake, wanatoa mafunzo kwa wazalishaji wadogo.

Ikiharibika: tatizo na dawa yake

*Imekuwa ngumu, haichoteki.* Nta imezidi, au msimu umebadilika. Iyeyushe juu ya maji ya moto, ongeza mafuta kijiko kimoja kimoja, rudia jaribio la kisahani.

*Imelegea, inamwagika.* Angalia kwanza kopo lilikuwa wapi. Lililosahauliwa juani au chini ya bati litalegea hata kama kipimo kilikuwa sahihi. Lirudishe kivulini uone. Ikibaki hivyo usiku mzima, iyeyushe na uongeze nta, gramu 10 kwa kila kopo la gramu 100.

*Ina punjepunje.* Ilipoa polepole mno au nta haikuyeyuka yote. Hutokea sana kwa wanaotumia mafuta ya nazi, au moyao, yaani mafuta ya shea, kutoka kaskazini mwa Uganda. Haina madhara, ila inakwaruza kidonda. Iyeyushe, kisha koroga mfululizo inapopoa hadi ianze kuwa nzito, ndipo umimine.

*Ina madoa ya kijani au meupe yenye manyoya juu.* Ukungu. Usikwangue juu ukatumia ya chini. Tupa yote, shimoni, si jalalani kwenye kuku. Chemsha kopo. Kisha rudi hatua ya 1 na ya 8, sababu ni mojawapo ya hizo.

*Inanuka kama karanga za zamani.* Mafuta yameharibika. Ya alizeti huchukua miezi 6 hivi yakiwa kivulini, ya nazi hudumu zaidi. Haifai tena kwenye ngozi iliyojeruhika. Paka bawaba za mlango na mpini wa jembe.

*Inzi wameongezeka badala ya kupungua.* Karibu kila mara kidonda kina usaha chini. Osha, ukague, unuse. Kikinuka, acha kupaka na umwite mtaalamu.

*Mnyama anailamba yote.* Paka kidogo zaidi, usugue hadi iingie, umshughulishe kwa chakula robo saa. Mbuzi wakilambana, mtenge aliyepakwa.

*Nimepaka wiki nzima na hakuna mabadiliko.* Basi si kazi ya malhamu. Mchubuko wa kawaida huonyesha dalili ya kufunga ndani ya siku chache. Peleka taarifa kwa afisa mifugo wa kata, na mweleze wazi ulichopaka na tangu lini, maana mafuta juu ya ngozi yanaweza kumharibia sampuli ya magamba anayotaka kuipima.